Muhula wa Majina Mawili

Jumatatu, 26 Mei 1975

Mdomo wangu huu utaniponza siku moja. Muhula umefunguliwa leo kwa mvua, mabati yanapiga kelele, walimu tumebanana ofisini kwa Mwalimu Mkuu kama kuku waliolowa, naye anatusomea barua ya wizara. Mwezi wa saba wakuu wa Afrika nzima watakutana hapa Kampala, na shule zilizochaguliwa zitapokea wageni, kila moja nchi yake. Sisi tumepewa nchi inayosema Kihispania. Watoto wawasalimu kwa lugha yao, waimbe, watoe maua. "Nani kati yetu anajua Kihispania?" Kimya. Nami ningeweza kukaa kimya, miaka kumi nimeishi mji huu kwa kukaa kimya. Lakini mkono ulikwishanyanyuka.

Humu ndani niseme ukweli, maana nimenunua daftari hili kwa ajili hiyo. Kihispania changu ni cha jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipoingia kwa masista Wahispania, kwenye misheni moja upande wa Butembo, Kongo, kumenya vitunguu na kufua mashuka. Sista Inmaculada alinifundisha lugha yake kwa kunigombeza kutwa nzima. Baadaye wakanisomesha ualimu, nikaolewa na Kasereka, zikaja vurugu za mwaka wa sitini na nne, Kasereka akauawa, nikavuka mpaka na nguo nilizovaa. Tangu hapo ni Madamu Kahambu, mkimbizi mwenye kibali, mwalimu wa Kifaransa hapa Kamwokya.

Mwalimu Mkuu, Bwana Cleopas, ameniangalia kwa muda mrefu juu ya miwani yake. "Una uhakika, Madamu?" Nikasema ninao. Akafungua kabati la chuma, akanipa vipande vitatu vya chaki, akalifunga tena. Funguo zake ziko kiunoni kwenye pete kubwa, anasikika anakuja kabla hujamwona. Mimi kimoyomoyo namwita Bwana Funguo. Sijawahi kuona mwanamume mzima anayelinda chaki namna ile.

Jumanne, 27 Mei

Mvua. Nimetafuta siku nzima neno la Kihispania la "kifutio" na sikulipata.

Alhamisi, 29 Mei

Somo la kwanza, kidato cha kwanza, watoto thelathini na mmoja. Nimewaambia kwamba wageni wetu ni Waafrika na Kihispania ndiyo lugha ya shule zao. Erinayo, yule mwenye pengo na maswali, akasimama. "Mwalimu, Waafrika weusi kabisa?" Kabisa. "Na wanakula matooke?" Nikamwambia hilo atawauliza wenyewe, kwa hiyo afadhali ajifunze haraka.

¿Cómo te llamas? Unaitwa nani? Me llamo, naitwa. Kwa Erinayo, Mganda wa kwelikweli, l na r ni kitu kimoja: alitaka kutuambia ana mbwa nyumbani, perro, ikatoka pelo, akawa ametangaza kwamba ana unywele mmoja. Tumecheka mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta.

Karibu na mlango anakaa Filda Nabalayo, msichana mrefu wa miaka kumi na mitatu. Mama yake anauza sambusa sokoni. Tangu Januari hajanyanyua mkono hata mara moja katika Kifaransa changu. Leo amesema "Me llamo Filda" kwa sauti safi iliyotulia, nikageuka kama mtu aliyeitwa na Sista Inmaculada mwenyewe.

Nimewafundisha pia kuitika majina kwa Kihispania: presente, nipo. Siku hizi kuita majina ni kazi ya kutisha. Zamani mtoto asipoitika tulisema ana malaria. Sasa tunangoja kidogo, tunapita kwenye jina linalofuata, hakuna anayeuliza. Labda ndiyo maana nimeipenda ile presente yao. Waliipiga kwa nguvu, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua. Sabuni hakuna mji mzima.

Jumatano, 4 Juni

Nimeanza na maneno ninayoyajua vizuri kuliko yote, yaani ya jikoni. Azúcar, sukari. Sal, chumvi. Jabón, sabuni. Aceite, mafuta ya kupikia. Nilikuwa nimekwisha kuyaandika ubaoni yote nilipotambua kwamba nawafundisha watoto majina ya vitu visivyokuwepo dukani. Erinayo akatambua pia. "Mwalimu, kwao hivi vitu vipo?" Nikasema sijui, ila majina yake wanayo. Wameyaandika kwa bidii.

Jumatano, 11 Juni

Masista walikuwa na desturi ya kwao: usiku wa mwaka mpya, saa ikigonga mara kumi na mbili, kila mlio unameza zabibu moja, na ukizimaliza kwa wakati utapata mwaka mwema. Zabibu hapa tutazitoa wapi? Nimenunua karanga. Nikagonga kengele ya shule mara kumi na mbili na watoto wakatafuna huku macho yamewatoka. Waliomaliza ni wanne. Filda alikuwa mmoja wao, akapiga ukelele wa furaha, kisha akajiziba mdomo kama aliyevunja sahani ya watu.

Bwana Funguo amekuja mbio kuuliza kwa nini kengele imelia saa nne. Nikampa karanga.

Jumanne, 17 Juni

Leo nimefundisha somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha, na ninajisifu bila haya.

Nimewaeleza kwamba Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la baba kwanza, la mama likifuata, na hakuna linalomezwa na lingine. Mwanamke akiolewa anabaki na majina yake. Mama akifa jina lake linaendelea kutembea na wanawe. Watoto walishangaa. Kwa Waganda jina linatoka katika ukoo na si lazima liwe la baba. Kwetu Wanande jina linasema ulizaliwa wa ngapi. Nikawaambia: basi humu darasani sasa tuko kwao, kila mtu aandike jina lake, la baba yake, la mama yake, tubandike ukutani tuonyeshe wageni.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, na mtoto wako angeitwa nani?" Sina mtoto, wanajua. Lakini nilikuwa nimechangamka, nikageuka ubaoni nikachora mstari mtupu na mbele yake nikaandika: Kasereka Kahambu. Nikasimama mbele ya ule mstari kidogo. Kisha nikafuta.

Karatasi thelathini na moja ziko ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo. Ya Filda ina mwandiko mzuri kuliko zote, herufi zimesimama wima: Filda Oloya Nabalayo. Aliponipa hakuiachia mara moja, mimi navuta yeye kashika. Kisha akatabasamu, na meno yake sikuwa nimewahi kuyaona.

Jumatano, 18 Juni

Mwalimu Mkuu amechungulia darasani, akasoma ukuta mzima, akasema niziondoe karatasi zitaharibu rangi. Rangi gani? Ukuta ule haujapakwa tangu Waingereza. Nimekataa.

Alhamisi, 26 Juni

Mvua zimekatika. Mji unapakwa chokaa mpaka mawe ya kando ya barabara.

Nimewaambia watoto desturi nyingine ya misheni. Siku ya kuwaombea marehemu, mama mkuu alisoma majina ya masista waliofariki na ya wale walio mbali, na kila jina mezani wote waliitikia kwa ajili ya asiyekuwepo: presente. Kengele ilipolia Filda akabaki. "Mwalimu, hata kama hajulikani yuko wapi?" Nikamwambia hata kama hajulikani. Akaniaga kwa kupiga magoti, akaenda zake.

Alhamisi, 3 Julai

Vumbi. Mazoezi kila siku saa nane. Bwana Funguo amerudia habari ya rangi. Ni mara ya tatu. Nimemjibu kwamba akinipa pipa la rangi nitapaka mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai

Jioni ameniita, akasema bila kunitazama, "Madamu, nakuomba, zitoe." Nikasema kesho. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimeshikilia ubishi wangu, basi.

Jumanne, 8 Julai

Nitaandika kama yalivyotokea.

Saa mbili na nusu asubuhi gari jeusi limeingia uwanjani. Afande wa kamati ya mapokezi, mwanamume mnene wa suruali pana na saa ya dhahabu, amekuja kuona mazoezi siku mbili kabla ya siku aliyoisema. Mwalimu Mkuu nyuma yake, jasho limemjaa. Watoto wamesimama wamesema Buenos días, habari za asubuhi, afande akacheka, akawarudisha waseme tena. Nikaanza kumpenda. Kisha akauona ukuta.

Husoma kwa kidole. Alianza mwanzo, jina kwa jina, midomo ikicheza, na mimi nikamfuata kwa macho, na hapo ndipo nilipozisoma zile karatasi kama anavyozisoma yeye. Majina ya baba. Ya mama. Watu thelathini na mmoja pamoja na wanakotoka, nimewaandikisha kwa hiari yao na kuwapanga ukutani. Kidole kikasimama.

"Oloya. Hii jina ni ya watu ya kule juu. Huyu baba yake iko wapi? Alikuwa askari?"

Nitakuwa mkweli: jina hilo nililiona siku ileile. Mji huu nimeishi miaka kumi, najua ni askari gani wa Kiacholi, watu wa kaskazini, walitoka asubuhi kwenda kambini na hawakurudi. Nililiona, na nilichokipenda ni mwandiko.

Nikasema, "Afande, ile ni muchezo ya masomo tu. Nilibaambia batoto bajipatie majina ya kuigiza." Naapa sikujua maneno hayo yametoka wapi. Halafu Erinayo akasimama na pengo lake. "Ndiyo, afande. Mimi nimejipa jina ya fundi wa redio." Ni jina la baba yake mzazi. Mwingine akasema yeye amechagua la mchezaji mpira. Mwingine la babu wa jirani. Watoto hawa hakuna aliyewafundisha.

"Na huyu? Jina yake ya kweli?"

"Huyo ni mutoto wangu," nikasema. "Filda Kasereka Kahambu."

Afande akamtazama Filda, akanitazama mimi, sote warefu, asante Mungu. "Hii mambo kitabu ya shule itasema. Lete."

Mwalimu Mkuu akapapasa mifuko. "Afande, samahani sana, ssebo, funguo za kabati zimekwenda na karani. Yuko Entebbe mpaka kesho." Nilimsikiliza nikasikia kitu cha ajabu: hasikiki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya koti, umeikamata ile pete ya funguo isilie.

"Kesho saa tatu," akasema afande. Akampima Filda tena. "Lakini Kihispania yake iko muzuri. Yeye atapeleka maua."

Gari lilipotoka, Bwana Cleopas akaniita ofisini, akafunga mlango, akafungua kabati, akatoa kitabu cha uandikishaji. Akakaa. Nilitegemea matusi na nilistahili. Akasema, "Wako saba, Madamu. Filda ni wa saba." Akanionyesha, kwa kucha ya kidole kidogo: baba aliyebadilishwa kabila, baba aliyebadilishwa kazi, baba aliyefanywa marehemu wa zamani. Chupa ya wino wa Januari ameihifadhi nyuma ya faili, kwa sababu wino wa sasa una rangi nyingine. "Ulifikiri nafungia chaki?"

Nikalia mbele yake kama mtoto. Akaniachia nilie, akaandika: baba, Kasereka, wa Kongo, marehemu. Mama, Marie-Louise Kahambu, mwalimu. "Sasa umezaa," akasema, bila kucheka, na akapuliza wino ukauke. Karatasi zote za ukutani nikazichoma jikoni mwa shule, isipokuwa ile moja. Sikuweza. Akaichukua akaifungia.

Jumatano, 9 Julai

Afande amekuja, amesoma kitabu kwa kidole, amekifunga, amekwenda.

Baada yake kaja mama yake Filda. Alisimama mlangoni na sinia ya sambusa kichwani, mwanamke mfupi, Mgisu wa Mbale, hakutaka kuketi. "Mwalimu, sijui nikushukuru ama nikupige." Nikamwambia achague lolote. Akaishusha sinia akakaa juu ya benchi. Oloya alikuwa koplo, akasema. Mwaka wa sabini na mbili waliitwa kuhesabiwa upya. Alikunywa chai, akasahau kofia, akarudi kuichukua, akatoka tena. Nabalayo alizunguka kambi hadi kambi na chakula kwenye kikapu, mwezi na nusu, mpaka askari mmoja mtu mzima akamwambia, mama, usije tena, watakuuliza wewe ni nani. Ndipo akahama, akamwandikisha mtoto kwa jina lake yeye, akamwambia jina la baba lisitoke mdomoni.

"Miaka mitatu alinyamaza," akasema. "Akaja kulisema kwako."

Hakulisema kwa ukali, ndiyo maana limeniingia. Nikamuuliza kwa nini wasiondoke leo hii kwenda Mbale, halafu Kenya. Akatikisa kichwa. Mtoto wa kupeleka maua akitoweka sasa, watakuja kuuliza, na watakaoulizwa ni mimi na Mwalimu Mkuu na wale sita wengine kitabuni. Wataondoka baada ya wageni. Na mpaka siku hiyo Filda atalala kwangu, kama mtoto analala kwa mama yake, maana afande anaweza kupita nyumbani.

Akainuka, akanifungia sambusa nne. "Hapendi zenye pilipili," akasema.

Jumatatu, 14 Julai

Filda anakula, anaosha vyombo, anakunja blanketi, haongei. Darasani nimeita "Filda Kasereka Kahambu" na hakuitika. Nikangoja. Watoto wakaangalia madawati. Nikapita kwenye jina linalofuata.

Jumanne, 15 Julai

Kila jioni tunapita sokoni kununua sambusa. Mama mtu anauliza, "Ngapi, dada?" na anazichagua polepole. Filda anapokea kifurushi kwa mikono miwili. Wanatazamana kama muuzaji na mteja, halafu tunaondoka. Nimefundisha michezo ya kuigiza mingi na sijaona waigizaji kama hawa.

Alhamisi, 17 Julai

Vumbi. Hakuitika.

Ijumaa, 18 Julai

Leo tukichambua mchele nimeshindwa. Nikamwambia, "Filda, siku ile wakikuuliza ukanyamaza, tumekwisha. Si wewe tu." Akaendelea kutupa mawe ya mchele pembeni.

"Wewe ndiye ulisema hakuna jina linamezwa," akasema. Ni kweli. "Kitabuni baba yangu hayupo. Nyumbani hayupo. Kambini walisema hayupo. Palikuwa na ukuta wako tu. Nikisema Kasereka kwa mdomo wangu, basi hayupo popote."

Nikamwambia nililokuwa nalo. Kwamba nilimkosea: niliwaita watu waje wafungue sanduku na sikujua kufuli limewekwa kwa nini. Kwamba karatasi yake haikuchomwa, iko ndani ya kabati la Mwalimu Mkuu. Akaacha kuchambua. Na kwamba Kasereka naye hayupo popote. Hana kaburi ninalolijua, hana mtoto, na katika mji huu wote anayelijua jina lake ni mimi. "Sikuambii umtoe baba yako," nikasema. "Nakuomba umbebe na wangu, siku moja tu."

Akarudi kwenye mchele. Kisha, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia. Seremala wa misheni. Alitengeneza madawati ya shule na kila dawati alilikalia yeye kwanza, na magoti yake yalivyokuwa marefu. Alianza kucheka kabla ya kumaliza kichekesho chake, kwa hiyo vichekesho vyake mpaka leo sijui vinaishaje. Filda akacheka kidogo. Halafu akanisimulia ya kwake: koplo Oloya aliimba akinyoa ndevu, na akijikata alibadilisha wimbo. Mchele tumeupika umechelewa na umekuwa bokoboko, tumekula wote.

Hakuahidi. Nami sikumwomba aahidi.

Jumapili, 27 Julai

Nimepiga pasi sare yake mara mbili. Kesho.

Jumatatu, 28 Julai

Bustani ya hoteli moja kule Nakasero, majani yamemwagiwa maji mpaka yanang'aa, bendera kila mahali. Watu wamepangwa nyuma ya kamba. Watoto wangu mstari mmoja. Afande hatua mbili pembeni, orodha mkononi, kidole juu ya orodha.

Mgeni aliyekuja kwetu ni mwanamume mfupi wa makamo mwenye macho ya huruma. Watoto wakasema Bienvenidos, karibuni, akashtuka, akashika kifua. Wakaimba. Sijui kama kipo Kihispania cha namna ile nje ya jikoni la Sista Inmaculada, lakini alifuta macho. Filda akapiga hatua, akatoa maua. Hapo ndipo tulipopanga aishie. Mgeni hakuishia hapo, akainama.

"¿Cómo te llamas?"

"Me llamo Filda."

"¿Filda qué?" Filda nani? Mtu wa lugha ile hawezi kuridhika na jina moja, si mimi mwenyewe niliyewafundisha?

Filda hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kwenye kamba, na sikuhitaji kugeuka kujua ni nani amesimama pale na sinia tupu. Kidole cha afande kilikuwa kinatembea juu ya karatasi, kinatafuta. Nilihesabu pumzi. Nikafika tatu.

"Filda Kasereka Kahambu," akasema, kwa sauti ile safi, jina lote, bila kulikimbiza.

Tangu mwaka wa sitini na nne sijalisikia jina la mume wangu katika kinywa cha mtu mwingine. Bwana Cleopas akanishika kiwiko, funguo zikalia.

Mgeni akatabasamu akauliza kama mama yake yupo. "Está aquí," akajibu Filda. Yuko hapa. Afande akanigeukia, nikanyanyua mkono, kwa sababu ilinilazimu kuunyanyua. Lakini nilijua jibu lile limepita juu ya kichwa changu, na lilikuwa na haki ya kupita.

Shughuli ilipokwisha afande akanijia. Nilijikaza. Akakunja orodha yake, akaitia mfukoni, akaongea akiangalia bendera. "Mwalimu, mutoto yako amefanya muzuri. Sasa muhula imekwisha karibu. Batoto banaendaga kwa nyanya kijijini. Yako pia apelekwe. Mbali kidogo." Akaenda kuwafokea watu wa viti. Alijua. Tangu siku ya kidole alijua, sasa nina hakika, na sina wa kumuuliza kwa nini.

Jumatano, 30 Julai

Wameondoka asubuhi kwa lori la mihogo. Kabla ya hapo Mwalimu Mkuu alifungua kabati akampa Filda karatasi yake. Akaisoma, akaisoma tena, akairudisha. Njiani kuna vizuizi vingi. "Nitunzieni," akasema, na Bwana Cleopas akaifungia na kuhakikisha kufuli mara mbili. Nabalayo alinikumbatia. Alinipiga pia, kidogo, begani. Nilifurahi kwamba hakusahau.

Chumbani kwangu blanketi limekunjwa. Nimelikunjua, nimelikunja tena.

Jumatatu, 4 Agosti

Wingu limerudi lakini mvua bado.

Asubuhi nimefungua daftari la mahudhurio. Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani kulipita jina lake kimyakimya kama tunavyopita mengine. Nilipolifikia sikuweza. Nikaliita lote, Filda Kasereka Kahambu, kisha nikainamia kitabu ili watoto wasinione uso.

"Presente," akasema Erinayo.

Halafu wote, darasa zima, kwa nguvu ileile ya siku ya kwanza, mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Nimeweka alama kwamba yupo.